Dawa za mitishamba: waliyoyaona wazee na yaliyowapita

Mjadala wa mitishamba hukwama palepale kila mara. Huyu anasema dawa za miti ni za asili, zimetumika tangu enzi za mababu, kwa hiyo hazina madhara. Yule anasema hizo ni imani za watu wa kale, mgonjwa aende hospitali. Wote wawili huongea kana kwamba mitishamba ni kitu kimoja, cha kukubaliwa chote au kukataliwa chote. Ukitazama mmea mmoja mmoja, hali ni nyingine kabisa. Kuna sanamaki, inayofanya kazi ileile waliyoieleza matabibu wa Kiarabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kuna mimea iliyonywewa kwa karne nyingi huku ikiua figo za wanywaji polepole. Kuna ua la bustanini lililosifiwa kwa kisukari, likashindwa kwenye kisukari, kisha likaokoa maisha ya watoto wenye saratani ya damu.

Kwa hiyo naona swali lenye faida ni jingine: maarifa haya yalipatikana kwa njia gani, na kwa njia hiyo watu waliweza kuona nini? Mapokeo ni kama shahidi aliyekuwapo kwenye tukio. Hasemi uongo, lakini alisimama upande mmoja; mengine aliyaona waziwazi, mengine yalitendeka nyuma ya ukuta. Kumwita mwongo ni kumdhulumu, na kumwamini kwa kila jambo ni kumbebesha asichokiweza.

Sumu ya mdudu, dawa ya mtu

Mmea hauwezi kukimbia. Ukivamiwa na viwavi, kuvu au mnyama mla majani, kinga yake kubwa ni kemikali: chungu, kali, za kulevya, za kuharisha. Kafeini ya mbuni na nikotini ya tumbaku ni sumu kwa wadudu. Mtu na mdudu hawafanani kwa umbo, lakini ndani kabisa, kwenye seli na mishipa ya fahamu, miili yao inaendeshwa kwa njia nyingi zinazokaribiana. Ndiyo maana kemikali iliyomlenga kiwavi inaweza kubadilisha mapigo ya moyo wa binadamu, kulegeza msuli au kuzima maumivu.

Hapo hoja ya kwamba kitu cha asili hakidhuru inaanguka. Mmea unatibu kwa sababu una kitu chenye uwezo wa kuubadilisha mwili, na uwezo huohuo ndio unaodhuru dozi ikizidi au ukimfikia mtu asiyestahili kuutumia. Afyuni inatoa mofini, dawa ambayo hadi leo hospitali haziwezi kuachana nayo kwa maumivu makali. Mofini hiyohiyo ikizidi inasimamisha pumzi.

Shahidi alipoona vizuri

Wazee walikuwa hodari kwa yale yanayotokea haraka na kuonekana kwa macho. Umemeza kitu, umetapika. Umepaka kitu, maumivu yametulia. Umekunywa usiku, asubuhi tumbo limefunguka. Jambo kama hilo likirudiwa na watu wengi, vizazi na vizazi, makosa yanachujika.

Sanamaki ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Maelekezo ya zamani ni kunywa maji ya majani yake, au ya maganda yake ya mbegu, wakati wa kwenda kulala. Sasa tunajua sababu. Kemikali zake, ziitwazo senosaidi, zimefungwa na sukari, na kwa hali hiyo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanaikata ile sukari. Kinachobaki ndicho kinachouchochea utumbo ujikamue na kuyazuia maji yasifyonzwe, choo kikalainika. Safari nzima huchukua kati ya saa 6 na 12. Aliyesema "kunywa usiku" hakujua habari za bakteria, lakini muda wa kazi yao alikuwa ameupima kwa usahihi. Leo sanamaki imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haifai tu kuizoea: ukiitumia wiki nyingi mfululizo, mwili hupoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji.

Karafuu nayo ni hivyo. Yujenoli iliyo kwenye mafuta yake inatia ganzi kweli, na madaktari wa meno bado wanaichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kijazio cha muda. Lakini hapa ukuta wa shahidi unaanza kuonekana. Aliona maumivu yakiisha; jino lililoendelea kuoza chini ya ganzi hakuliona. Tena mafuta hayo yaliyokolea, mtoto mdogo akiyameza, yanaweza kumharibu ini.

Mbarika, au mnyonyo kama wengine wanavyouita, unafundisha jambo jingine. Mbegu zake zina risini, mojawapo ya sumu kali zaidi zitokanazo na mimea. Mafuta ya mbegu hizohizo ni dawa ya kuharisha iliyotumika tangu Misri ya kale. Inawezekanaje? Risini huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, na moto mkali huiharibu. Mafuta yakikamuliwa na kuchemshwa ipasavyo, sumu inabaki kwenye makapi. Usalama ulikuwa kwenye utaratibu: kukaanga, kutwanga, kuchemsha, kuengua mafuta, kutupa makapi. Siku hizi jina la mmea husafiri kwenye simu peke yake, utaratibu ukiachwa nyuma, na hilo linanitia hofu kuliko ukali wa mmea wenyewe. Kisha ongeza hili: asidi ya mafuta inayoamsha utumbo inauamsha pia mfuko wa uzazi. Mjamzito anayeyanywa kwa ajili ya kufunga choo anaweza kujikuta na uchungu kabla ya wakati.

Sehemu ya mmea nayo ina uzito huohuo. Kata jani la mshubiri utaona vitu viwili: ute mweupe wa katikati, unaopoza ngozi iliyoungua kidogo, na utomvu wa njano unaotiririka chini ya ganda, ambao ni dawa kali ya kuharisha. Ni jani moja lenye dawa mbili, na anayesaga jani zima na kulinywa kila siku kwa ajili ya afya anazinywa zote mbili bila kujua.

Namna shahidi wa aina hii anavyopaswa kusikilizwa ilionyeshwa na daktari Mwingereza William Withering. Mwaka 1775 aliombwa maoni juu ya mchanganyiko wa mitishamba uliokuwa siri ya mama mmoja mzee wa Shropshire. Mama huyo alikuwa akiwatibu watu waliovimba mwili kwa kujaa maji, hata wale walioshindikana kwa madaktari. Mchanganyiko ulikuwa na mimea 20 au zaidi, na mgonjwa alitapika na kuhara vibaya. Withering aliijua mimea, akaona upesi kwamba mmoja tu, Digitalis purpurea, ndio unaoweza kufanya kazi hiyo. Hakuishia hapo. Kwa miaka 10 aliupima kwa wagonjwa zaidi ya 150. Alikausha majani yaliyochumwa wakati mmea unachanua ili nguvu yake isibadilikebadilike, na akaanza na kipimo kidogo akipanda taratibu. Akagundua kwamba kule kutapika kulikoaminiwa kuwa ndiko kuponya kulikuwa dalili ya sumu. Mgonjwa alipona vizuri zaidi kwa kipimo kisichomfikisha huko. Taarifa yake ya mwaka 1785 iliorodhesha hata walioshindwa kupona, na ilionya juu ya macho yanayoona vitu kwa rangi ya kijani na njano na mapigo ya moyo yanayopungua mno. Digoksini, dawa ya moyo inayoandikwa mpaka leo, inatokana na mmea wa jamii hiyo. Mama yule alikuwa sahihi juu ya mmea na sahihi juu ya ugonjwa. Kilichokosekana ni kipimo.

Nyuma ya ukuta

Sasa upande wa pili. Magonjwa mengi huisha yenyewe. Mafua huondoka ndani ya wiki moja au mbili, mgongo uliokaza hulegea, kuhara kwingi hukoma. Mtu hutafuta dawa siku anapozidiwa, na baada ya siku ya kuzidiwa mara nyingi huja siku ya nafuu, awe amekunywa kitu au hakunywa. Sifa inakwenda kwa kikombe.

Malaria inadanganya kuliko yote. Vimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa mzunguko, kwa aina kadhaa kila baada ya saa 48. Vinapotoka ndipo homa hupanda na mtetemeko huanza. Vikiingia kwenye chembe mpya, homa inashuka na mgonjwa anaomba maji ya kuoga. Ukimpa chochote kikiwa chungu wakati homa iko juu, saa chache baadaye utaona kama kimeponya. Keshokutwa homa ikirudi, itaitwa homa nyingine. Tena kuna jambo zito lisilosemwa sana: wanaosimulia juu ya dawa ni waliopona. Waliokunywa dawa ileile wakafa hawakusimulia chochote.

Lakini kilichojificha zaidi ni madhara ya polepole. Mzizi unaoua kwa siku moja hujulikana kijiji kizima na watoto huonywa. Mzizi unaoharibu figo baada ya miaka miwili na kuleta saratani baada ya 10 hauna wa kuushtaki. Nani atakumbuka alichokunywa wakati ule? Mimea ya jamii ya Aristolochia ilitumika Ulaya na Asia kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa kwa wanawake waliojifungua, na ilisifiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito walianza kupata ugonjwa wa figo usioeleweka. Vidonge vyao vilitiwa unga wa mmea wa Kichina, Stephania tetrandra. Ulipochunguzwa, ikabainika kuwa kilichofika si mmea huo ila Aristolochia fangchi. Majina ya mimea hiyo miwili katika biashara ya Kichina yanakaribiana sana. Wanawake wapatao 100 waliathirika, wengi wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na wengine baadaye wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Baada ya hapo ikaeleweka pia kwa nini vijiji vya kando ya mito inayoingia mto Danube, kusini-mashariki mwa Ulaya, viliandamwa na ugonjwa wa figo kwa miongo mingi: mbegu za Aristolochia clematitis zilizoota mashambani zilivunwa na kusagwa pamoja na ngano.

Sasa asidi ya aristolokiki imo kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kutumika kwa miaka 2,000 hakukuizuia. Ndiyo sababu, mtu akiniambia dawa fulani imetumika tangu zamani bila madhara, namuuliza: madhara ya namna gani? Yanayoonekana kesho, au yanayokuja baada ya mtu kusahau?

Neno la zamani kama dokezo

Hata hivyo, dokezo zuri lina thamani kubwa. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri, uliopewa namba 523, kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimezoea klorokwini. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipitia maandishi ya zamani na kukusanya maelekezo zaidi ya 2,000. Wakachuja mpaka 640, wakawajaribia panya dondoo zaidi ya 380, yaani dawa zilizotolewa kwenye mimea, za mimea ipatayo 200. Dondoo moja ya Artemisia annua ilionyesha matumaini, lakini jaribio liliporudiwa halikutoa majibu yale.

Tu akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, na kuyasoma upya. Maelekezo yalisema uchukue konzi la mmea huo, uloweke kwenye maji, ukamue juisi na kuinywa yote. Kuloweka na kukamua, moto haukutajwa. Dawa nyingi za Kichina huchemshwa, na watafiti nao walikuwa wakitumia joto. Tu akafikiri kwamba huenda joto ndilo linaloiharibu dawa, akabadili njia na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 dondoo namba 191 iliwaondolea panya vimelea vyote. Mwaka uliofuata kemikali yenyewe, artemisinini, ilitengwa. Tu alipata tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Shahidi wa karne ya 4 aliweka siri yote kwenye kitenzi kimoja cha jikoni, na ilihitajika mtu wa kumsikiliza neno kwa neno.

Wengi huchukua habari hii na kuhitimisha kwamba chai ya artemisia inatosha. Haitoshi, na sababu zake zinaeleweka. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo kikombe hutoa kiasi kidogo. Kiasi kilichomo kwenye majani nacho hutofautiana mno: mmea mmoja unaweza kuwa na chini ya sehemu moja ya elfu ya uzito wa majani makavu, mwingine zaidi ya asilimia moja, kutegemea mbegu, udongo na siku ya kuvuna. Dawa hiyo huondoka mwilini ndani ya saa chache. Matokeo yake ni vimelea vingi kufa, homa kushuka, mgonjwa kufurahi, na vimelea vichache kubaki. Vilivyobaki huzaliana, na kila vinapokutana na dozi pungufu, vile vinavyoivumilia hupata nafasi ya kustawi. Shirika la Afya Duniani linakataa chai na unga wa artemisia kwa ajili ya kutibu au kukinga malaria, na linaagiza dawa mseto, ambamo artemisinini huambatana na dawa ya pili inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Usugu usio kamili, yaani vimelea kuondoka polepole kuliko kawaida, umeshathibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania, baada ya kuanzia kusini-mashariki mwa Asia. Dawa hii tukiipoteza, hatuna nyingi za kiwango chake ghalani.

Ua nililolitaja mwanzoni ni Catharanthus roseus, lenye asili ya Madagascar na sasa limeenea nchi zote za joto. Watu wa Jamaica walinywa chai yake kwa kisukari. Mwaka 1952 majani yake yalimfikia Robert Noble, mtafiti wa Kanada. Panya aliowapa hawakushuka sukari. Baadhi yao walikufa kwa maambukizi, na uchunguzi ukaonyesha chembe nyeupe za damu zimepungua sana. Mtu mwingine angefunga daftari. Noble na mwenzake Charles Beer waliona kwamba kitu kinachozuia chembe nyeupe kuongezeka kinaweza kufaa pale chembe hizo zinapoongezeka bila mpaka. Vinblastini ilitengwa humo, na ndugu yake vinkristini, iliyopatikana katika maabara ya kampuni ya Eli Lilly, ikawa nguzo ya matibabu ya saratani ya damu kwa watoto. Shahidi alikosea ugonjwa, lakini hakukosea kwamba ndani ya jani lile mna jambo kubwa. Na fikiria waliokuwa wakiinywa chai hiyo kila siku kwa ajili ya sukari: walikuwa wakinywa kitu kinachoweza kushusha kinga ya mwili.

Nani anafaidika

Jambo hili siwezi kulipita, maana ni suala la haki. Waliolitunza ua lile na kulitumia hawakupata sehemu ya faida ya vinkristini. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya pekee ya kunufaika na uvumbuzi, kwa watafiti wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo linalojulikana kwa bibi yeyote wa India. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, likaleta maandishi ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Ulaya nako hataza ya dawa ya kuvu kutokana na mafuta ya mwarobaini ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka anayechukua mmea na maarifa yake apate kwanza ridhaa na akubaliane na wenyewe juu ya mgawo. Kwa maarifa yaliyoandikwa, mtetezi ana kitabu cha kuonyesha. Kwa yaliyo kichwani mwa mzee asiyeandika, kazi ni ngumu zaidi, na akifa bila kurithisha inakuwa haiwezekani.

Miti yenyewe nayo inaisha. Gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani barani Afrika, lilikuwa dawa ya matatizo ya mkojo kabla ya kampuni za Ulaya kulitengenezea vidonge vya tezi dume. Ukilibandua gome kwa robo mbili zinazotazamana na kuacha zilizobaki, mti hupona na kuota gome jipya. Ukilibandua kuuzunguka mti wote, chakula kutoka kwenye majani hakifiki mizizini na mti unakufa. Biashara kubwa ilileta ubanduaji wa namna ya pili, na tangu 1995 mti huo umo kwenye mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Mambo ambayo shahidi hakuwahi kukutana nayo

Mpaka hapa nimezungumza juu ya yale ambayo wazee wangeweza kuyaona au kuyakosa. Kuna mengine hayakuwapo kabisa wakati wao. Hakuna mzee aliyewahi kutazama mtu anayekunywa mzizi wake huku akimeza vidonge vya shinikizo la damu, vya kufubaza virusi, vya kupanga uzazi na vya kuzuia damu kuganda. Leo watu wa namna hiyo ni wengi mno, na wengi wao hawamwambii daktari kuhusu mzizi, kwa aibu au kwa kudhani mizizi haihesabiwi.

Ini na utumbo vina vimeng'enya vinavyovunja dawa. Mimea mingine huvichochea, mingine huvizuia. Hypericum perforatum, inayotumika Ulaya kwa huzuni isiyo kali, huvichochea: mwaka 2000 watafiti waliwapa watu wenye afya mmea huo pamoja na indinaviri, dawa ya virusi vya Ukimwi, na kiasi cha dawa kwenye damu kikapungua kwa asilimia 57. Mwaka huohuo iliripotiwa kwamba wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo miili yao ilianza kuukataa, kwa sababu mmea huo uliishusha dawa yao ya kutuliza kinga ya mwili. Juisi ya balungi hufanya kinyume. Inavizuia vimeng'enya vya utumbo, na kidonge cha kawaida kinageuka dozi kubwa. Urukususu, ule mzizi mtamu wa kikohozi, ukitumika sana hupandisha shinikizo na kushusha potasiamu, na kwa anayetumia digoksini jambo hilo ni la hatari kubwa.

Kuna pia udanganyifu wa kiwandani. Vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu ya nguvu za kiume vimekutwa mara nyingi na sildenafili, dawa ya hospitali ya kazi hiyohiyo, na vile vya maumivu ya viungo vimekutwa na steroidi, dawa kali za hospitali za kupunguza uvimbe. Uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za tiba ya asili ya Kihindi zilizokuwa madukani Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mgonjwa anayepata nafuu ya ghafla ya kushangaza kwa unga wa miti ana sababu nzuri ya kuuliza ndani ya unga huo mna nini.

Na usidanganyike upesi na maneno "utafiti umethibitisha kuwa mmea huu unaua seli za saratani". Kwenye sahani ya maabara, seli humwagiwa dawa moja kwa moja. Mwilini, dawa hiyo inapaswa kuvuka tumbo, ini na damu, na kufika ikiwa na nguvu bila kuua seli nzuri. Vitu vingi sana huua seli kwenye sahani, hata maji ya chumvi kali. Manjano imesifiwa hivyo kwa miaka mingi, lakini kiambata chake kikuu, kurkumini, utumbo unakifyonza kwa shida sana. Tangawizi, isiyo na sifa kubwa hivyo, imejaribiwa kwa wajawazito wenye kichefuchefu na imeonyesha kusaidia. Hilo nalithamini zaidi, kwa kuwa limepimwa kwa watu.

Ukitumia mmea wowote kama dawa, mwambie anayekutibu mambo manne: jina lake, sehemu unayotumia, unavyoiandaa, na umeanza lini. Kabla ya upasuaji sema mapema, wiki mbili hivi, kwa sababu mimea mingi, kitunguu saumu kilichokolezwa kikiwamo, huongeza kutokwa damu. Mtoto mchanga usimpe kabisa. Mafuta ya mwarobaini kwa kinywa yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na kupoteza fahamu. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au ukipungua sana, acha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali. Beba mabaki: majani, gome, hata masalia ya chini ya sufuria, maana daktari hawezi kuitafutia tiba sumu asiyoijua.